Uuze kihamba ukasomee kusaidia jamii?

Najua nimekuwa kimya. Nilipanda Moshi kula Krismasi kama ilivyo desturi ya watu wa kwetu, nikitegemea kurudi Dar na picha za migomba na hadithi za mbege. Nimerudi na swali lililoninyima usingizi. Leo nalimwaga hapa, mnisaidie kulibeba.

Kisa chenyewe ni hiki. Siku ya pili ya sikukuu tulikaa uani kwa mzee, Machame. Mtori umeshaliwa, kata ya mbege inazunguka. Alikuwepo mzee, mama, baba mkubwa, mimi na mdogo wangu wa kike. Mdogo wangu akaingia ndani, akatoka na karatasi aliyokuwa amekwenda kuichapisha stationari pale Boma. Barua ya kukubaliwa masomo: chuo kimoja cha biashara Uingereza, shahada ya uzamili, mwaka mmoja, somo kuu ujasiriamali jamii. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia.

Baba mkubwa hakupiga makofi. Aliuliza neno moja tu: "Ada?"

Mdogo wangu akataja. Ukijumlisha ada, pango, chakula, viza na nauli, inapita shilingi milioni 150. Ufadhili? Hakuna. Pakawa kimya, unasikia ng'ombe tu wakicheua bandani. Kisha mzee akakohoa, akasema, "Kipo kile kipande cha chini, cha barabarani. Kuna mtu wa mjini kila mwezi anakiulizia." Halafu wote wakanigeukia. "Wewe ndiye mwandishi, umezunguka. Hicho chuo kinafaa?"

Kwa wasiotujua Wachaga: kihamba ni ardhi ya ukoo, yenye migomba na kahawa, na ndimo walimolala babu zetu. Anayeuza kihamba husemwa mpaka siku ya msiba wake. Kwa hiyo mzee alipotamka yale maneno alikuwa anaweka mezani kila alichonacho.

Sikumjibu siku ile. Nilisema nitaulizia. Nimeulizia, nimesoma, nimepiga simu, na nimegombana na mdogo wangu mara mbili. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tuelewane neno lenyewe, maana siku hizi kila mwenye logo na kipeperushi ni mjasiriamali jamii. Mchukue huyu mdogo wangu. Kwa miaka mitatu sasa yuko na akina mama 31 wanaofuga ng'ombe wa maziwa wa ndani, mmoja mmoja au wawili wawili. Maziwa ya asubuhi yalikuwa yanauzika. Ya jioni yalikuwa yanachacha, au mchuuzi anakuja gizani na bei yake mfukoni, chukua au mwaga. Mdogo wangu akakodi tangi la kupozea, akatafuta mnunuzi mjini, akaanza kukusanya ya jioni. Anakata kiasi kidogo kwa kila lita kulipia tangi, umeme na vijana wawili. Inayobaki ni ya akina mama. Hicho si kikundi cha msaada, maana mfadhili hakuna. Wala si duka la kawaida, maana faida ikipanda inapanda bei anayolipwa mama. Biashara inayojilipia gharama zake ili tatizo la watu liondoke: huo ndio ujasiriamali jamii.

Kitu chenyewe ni cha zamani, ila jina na vyuo vyake ni vya juzi. Mmarekani Bill Drayton alianzisha Ashoka mwaka 1980 kutafuta na kusaidia watu wa namna hii duniani. Harvard walianzisha mpango wao wa biashara za kijamii mwaka 1993. Gregory Dees, profesa ambaye wengi humwita baba wa somo hili vyuoni, aliandika mwaka 1998 makala fupi iliyolipa maana inayofundishwa hadi leo, na mwaka 2002 akashiriki kuanzisha kituo cha somo hili pale Duke. Mwaka 2003 Jeff Skoll, aliyekuwa rais wa kwanza wa eBay, alitoa fedha kikaanzishwa Kituo cha Skoll katika shule ya biashara ya Oxford. Afrika nayo haikulala: mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Cape Town kilifungua Kituo cha Bertha katika shule yake ya biashara, ile iliyoko bandarini, kwenye majengo yaliyokuwa gereza.

Nisiwe mnafiki. Vyuo hivi vimezaa matunda, na mengine tumeyala sisi wenyewe. Andrew Youn alikuwa mwanafunzi wa MBA pale Kellogg, Marekani, alipofika magharibi ya Kenya akakuta wakulima majirani, mmoja anavuna vizuri, mwingine watoto wanalala njaa, na tofauti yao ni mbegu, mbolea na namna ya kupanda. Mwaka 2006 akaanzisha One Acre Fund kule Bungoma: mkulima anakopeshwa pembejeo na mafunzo, analipa kidogo kidogo. Wamefika mpaka Iringa. Sanergy, wale walioanzisha vyoo vya Fresh Life katika mitaa ya Mukuru, Nairobi, walianza kama wanafunzi wa shule ya biashara ya MIT. Off Grid Electric ya Arusha, iliyotuletea sola za kulipia kidogo kidogo kwa simu kabla ya kubadili jina kuwa Zola, ilianzishwa na watu ambao wawili kati yao walisoma MBA Oxford. Hayo si maneno ya vipeperushi, ni taa zilizowaka vijijini kwetu.

Lakini geuza upande wa pili wa shilingi. Muhammad Yunus, aliyepata Nobel ya Amani mwaka 2006 pamoja na Benki ya Grameen, alikuwa mwalimu wa uchumi. Mwaka 1976 alitoa mfukoni dola 27 akawakopesha watu 42 wa kijiji cha Jobra, jirani na chuo alichofundisha. Fazle Hasan Abed, aliyeanzisha BRAC mwaka 1972, ambayo ipo Tanzania tangu 2006, alikuwa mhasibu wa kampuni ya mafuta. Daktari Govindappa Venkataswamy alifungua Aravind, hospitali ya macho, mjini Madurai, India, mwaka 1976 akiwa ameshastaafu serikalini, vitanda 11 tu. Mwenye uwezo analipa, na malipo yake yanamtibu asiye nacho. Harvard wamekuwa wakiifundisha habari ya hospitali hiyo darasani tangu miaka ya 1990. Yaani watu wanalipa mamilioni Boston kujifunza kwa mzee ambaye hakuwahi kuwa mwanafunzi wa Harvard!

Na hapa kwetu Askwar Hilonga, mhandisi wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha, mwaka 2015 alikuwa wa kwanza kabisa kushinda Tuzo ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, kwa kichujio chake cha maji. Uhandisi, siyo MBA.

Nikiwaweka wote hawa kwenye mstari mmoja, wenye MBA na wasio nayo, naona kitu kimoja. Tatizo lilitangulia. Hakuna aliyekwenda shule akatafutiwe tatizo la kutatua. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Patrick Awuah wa Ghana. Alikuwa mtu wa Microsoft, mshahara mzuri. Alitaka kujenga chuo kikuu cha aina nyingine nyumbani kwao. Akaenda kusoma MBA Berkeley, akamaliza mwaka 1999, na muda wote ule wa darasani aliutumia kupanga chuo chake, na wanafunzi wenzake wakasafiri kwenda Ghana kufanya utafiti kama kitawezekana. Mwaka 2002 Ashesi ikafunguliwa ikiwa na wanafunzi 30. Huyo aliitumia shule kama fundi anavyotumia karakana.

Kwa kipimo hicho mdogo wangu anastahili kwenda. Tatizo analo, miaka mitatu yuko nalo. Akina mama 31 si nadharia. Basi tuuze kihamba?

Hapo ndipo nilipokwama, na sababu yake ni maisha yangu mwenyewe.

Nilimaliza chuo nikiwa na mkopo wa elimu ya juu. Sheria inakata asilimia 15 ya mshahara wako mpaka uishe. Silalamiki, nilisomeshwa. Ila nilitoka pale nikitaka kuandika habari za uchunguzi, na gazeti moja lilinipa nafasi kwa mshahara ambao ukikata hiyo 15, ukalipa chumba na daladala, unabaki unahesabu siku. Ikatokea kazi ya uhusiano kwenye kampuni moja. Nikaichukua. Miaka miwili nikiandika hotuba za bosi na taarifa za kusifia bidhaa ambazo mwenyewe sikuzitumia. Hakuna aliyenilazimisha. Deni ndilo lililonichagulia kazi, mimi nikasaini tu.

Sasa chukua deni langu, lizidishe mara ishirini, umpe msichana anayetaka kurudi kupoza maziwa Machame. Ada ya MBA ya Oxford pekee imeshapita pauni 70,000, ambayo ni zaidi ya shilingi milioni 200 kabla hujala mkate. Wanaolipa fedha hizo wengi wao wanazirudisha kwa kuajiriwa na benki na makampuni makubwa ya ushauri. Hilo si dhambi. Lakini aliyekwenda kusomea kuwatumikia akina mama wa lita tano atazirudisha kwa lita ngapi? Na kihamba kikiuzwa deni halifutiki, linabadilika sura tu. Litakuwa deni kwa mzee, kwa mama, kwa ukoo mzima, na hilo halina asilimia wala mwisho. Atarudi, kila Krismasi atapita pale barabarani aone ukuta wa mtu wa mjini, na moyo utamwambia atafute kazi ya kuukomboa. Ajira nzuri Nairobi au Dar itamwita. Nani atamlaumu akiitika?

Ndiyo maana nikaanza kuutazama upya mji ambao nimeupita maisha yangu yote nikiwa na haraka ya kupanda basi. Pale Moshi kuna Chuo Kikuu cha Ushirika. Kilianza mwaka 1963 kama Chuo cha Ushirika, mwaka 2004 kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Sokoine, na mwaka 2014 kikawa chuo kikuu kamili. Miaka 40 kabla ya Kituo cha Skoll, watu walikuwa wanakaa madarasani Moshi wakifundishwa namna ya kuendesha biashara ambayo wenye mali ni wakulima wenyewe: mizania, ukaguzi, mikutano ya wanachama, bei ya dunia. Sisi vijana tulikiita chuo cha makarani wa kahawa tukacheka.

Babu yangu alikuwa mmoja wa hao makarani. Alipima kahawa kwenye chama cha msingi, na chama kile kilikuwa chini ya KNCU, muungano ulioundwa mwaka 1933 kutokana na chama cha wapanda kahawa cha mwaka 1925. Wachaga wasio na shahada yoyote waliuza kahawa yao duniani kwa pamoja. Mzee wangu alisoma kwa fedha ya kahawa ile. Nami kwa hiyo nilisoma kwa fedha ile ile, ikiwa imepitia mikono miwili. Kama huo si ujasiriamali jamii, basi neno hilo halina maana.

Tena Moshi kuna somo ambalo Oxford hawawezi kumpa mtu kwa uchungu huo: namna kitu kizuri kinavyokufa. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika. Miaka ya 1980 vikarudishwa, lakini wakulima walikuwa wameshapoteza imani. Yakaja madeni, wakaja viongozi waliokula fedha za wanachama, bei ya kahawa ikaanguka, na leo ukipita vihambani utaona mahali palipokuwa na mibuni pana mahindi, ndizi, au nyumba ya bati la rangi. Babu alikufa akidai malipo yake ya pili ya msimu. Mdogo wangu anaendesha kitu kinachofanana sana na kile cha babu, na hakuna aliyewahi kukaa naye kumweleza cha babu kilivunjika wapi.

Nikampigia simu nikiwa nimejaa hoja. Nikampa habari zote hizi, nikamalizia kwa sauti ya ukaka mkubwa: soma Moshi jioni, endelea na maziwa, kihamba kisiuzwe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kaka, wewe ulipokwenda Dar kuna mtu alikuuliza kama Moshi hakuna chuo?"

Nikajibu kwamba mambo yamebadilika. Akasema, "Na kile kipande hata kisipouzwa, si changu. Ni chako."

Ndugu zangu, nilikaa kimya muda mrefu mpaka akadhani simu imekatika. Kwa mila zetu kihamba kinakwenda kwa watoto wa kiume, na nyumba ya wazazi inabaki kwa mtoto wa mwisho wa kiume. Huyo ni mimi. Binti huolewa, hutarajiwa kupata ardhi huko aendako. Kwa mdogo wangu, kuuzwa kwa kipande kile ndiyo ingekuwa njia pekee ya yeye kupata sehemu yake ya mali ya baba yake. Mimi niliyekuwa nashauri kwa hekima nyingi kisiuzwe ndiye ninayefaidika kisipouzwa. Nilikuwa sijaliwaza hilo hata mara moja, na hiyo ndiyo iliyonitia aibu zaidi.

Basi mkisoma maoni yangu mjue yanatoka kwa nani. Nimeyapima tena nikiwa nimelijua hilo. Bado nadhani kwenda Uingereza kwa fedha ya kihamba ni kosa, ila nimegundua sina haki ya kusema hivyo kabla kipande hakijawa chake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi. Ni ya miaka mingi sasa, sisi uani kwetu tulikuwa hatujaisikia. Nikampigia mzee. Nikamwambia kipande cha chini kiandikwe jina la binti yake kwanza, halafu auze au asiuze, shauri lake. Mzee akanyamaza, akasema atazungumza na baba mkubwa. Hilo bado liko njiani, na msidhani ni jepesi.

Wakati linapikwa, mimi na mdogo wangu tumekubaliana maswali ya kupimia chuo chochote, cha karibu au cha mbali. Nayaweka hapa kwa sababu najua wapo wengine humu wenye barua kama ile mfukoni.

Swali la kwanza: ukimaliza, utaweza kurudi kwenye kazi ile ile unayoifanya leo, kwa kipato kile kile, bila kukimbizwa na deni? Kama huwezi, chuo hicho kimekuzidi bei hata kikiwa namba moja duniani. Usione haya kuuliza fedha. Shule ya biashara ya Yale ina mpango wa kusamehe mikopo ya wahitimu wanaokwenda kufanya kazi za jamii tangu mwaka 1986. Oxford wamekuwa na ufadhili wa Skoll kwa wajasiriamali jamii wachache wa MBA. Masharti hubadilika, kwa hiyo muulize mhusika mwenyewe, wala usimtegemee wakala wa mjini. Chuo kinachojisifu kwa ujasiriamali jamii halafu kinakutaka ulipe kama mtoto wa waziri kinapaswa kukueleza kimekusudia uihudumie jamii ipi.

Swali la pili: tatizo lako litaingia darasani? Cape Town walianzisha shahada ya uzamili ya ubunifu jumuishi ambayo mwanafunzi anakuja na tatizo lake na kulifanyia kazi mpaka apate kitu cha kujaribisha. Hiyo ni tofauti na kukaa mwaka mzima ukichambua makampuni ya watu, halafu somo la jamii liko Ijumaa jioni, la hiari, lina wanafunzi tisa. Omba ratiba nzima. Hesabu vipindi.

Swali la tatu: wanafundisha yaliyokufa? Muulize mwalimu kuhusu PlayPump, ile bembea ya kuzunguka iliyobuniwa Afrika Kusini ili watoto wakicheza wavute maji. Mwaka 2006 ilitangazwa Marekani kwa mbwembwe na ahadi ya dola milioni 16.4. Ikaja kuonekana kwamba watoto huchoka, na wanaobaki kuizungusha ni akina mama wenye ndoo. Muulize kuhusu Andhra Pradesh, India, mwaka 2010, mikopo midogo ilipogeuka kamba shingoni kwa wakopaji. Akianza kubabaika, au akikujibu kwa picha za watoto wanaotabasamu, jua umefika kwenye duka la matumaini.

Swali la nne: wahitimu wao wako wapi baada ya miaka mitano? Omba watano wanaotoka nchi kama zetu, uwapigie. Usiulize kama walifurahia, wote watasema ndiyo. Uliza wanalipwa na nani sasa.

Na kuna jambo ambalo mdogo wangu ameniongezea, nami sikuwa nimeliona. Anasema kitu anachokosa hasa ni hesabu na watu. Hajui kusoma mizania vizuri, na hajui anayeweza kumpa mkopo wa tangi la pili bila kumnyonga. La kwanza Moshi wanalo, tena kwa ada ambayo maziwa yenyewe yanaweza kulipa. La pili, watu, vyuo vikubwa ndivyo vinavyouza, na hapo ndipo heshima yao ya kweli ilipo. Ukikaa darasa moja na mtu atakayekuwa meneja wa mfuko wa uwekezaji, miaka kumi baadaye anapokea simu yako. Sitamdanganya kwamba Moshi watampa hilo. Tusijifariji kwa uzalendo.

Kwa hiyo amefanya hivi. Ameandika kule Uingereza kuomba nafasi yake isogezwe mwaka mmoja. Katika mwaka huo anaomba ufadhili kila mahali panapoombwa, Cape Town nao wamo kwenye orodha. Na mwezi ujao anaanza masomo ya uhasibu Moshi, jioni, baada ya tangi kufungwa. Ufadhili ukipatikana ataondoka, na mimi nitampeleka KIA mwenyewe. Usipopatikana, atakuwa na mwaka mmoja wa mizania kichwani, akina mama wake hawajamkosa, na kihamba kipo. Kama atataka kukiuza wakati huo kikiwa na jina lake, nimeapa nitafunga mdomo. Nimesema nimeapa, sijasema itakuwa rahisi.

Mzee alinipigia jana usiku. Alitaka kujua kama chuo kinafaa au hakifai, maana hakupata jibu lake. Nikamwambia, "Mzee, chuo kinafaa. Bei yake ndiyo haimfai mtoto wako kwa sasa." Akacheka, akasema hata babu angejibu hivyo hivyo kuhusu mashine ya kukobolea.

Wenye barua mfukoni, mnasemaje? Na wale mliokwenda mkarudi, semeni ukweli: mnalipwa na nani sasa? Nawasubiri.